Maradhi tunayoyaficha sisi

Hotuba kwa watumishi wa hospitali ya wilaya, Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani, 17 Septemba

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mganga Mfawidhi, Muuguzi Mfawidhi, wajumbe wa kamati ya hospitali, wauguzi na wakunga wenzangu, wataalamu wa maabara na wa dawa, wahudumu, na ninyi ndugu wa wagonjwa mliosimama kule mlangoni: itifaki imezingatiwa. Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo.

Barua ya mwaliko ilisema nizungumzie mafanikio ya uuguzi katika miaka yangu ya kazi. Nilimpigia simu Mganga Mfawidhi nikamwomba anibadilishie mada, naye akakubali. Namshukuru. Nataka niwasimulie usiku mmoja wa masika ya 1994, ambao sikuwahi kuusema mbele ya watu mpaka leo.

Nilikuwa na miaka mitatu kazini, wodi ya watoto, katika hospitali ambayo sitaitaja. Malaria ilikuwa imejaza wodi. Watoto walilala wawili wawili kitandani, mama zao sakafuni. Zamu ya usiku tulikuwa wawili, mimi na mhudumu. Wakati ule dawa ya malaria kali ilikuwa kwinini ya dripu, na wa umri wangu mnaikumbuka kazi yake: unapima uzito, unakokotoa miligramu 10 kwa kila kilo, unachanganya na maji ya sukari, kisha unaiacha iingie taratibu kwa saa nne. Mashine hatukuwa nayo. Matone uliyahesabu kwa macho na saa ya mkononi, ukikaza na kulegeza kile kibano cha kwenye mpira kwa kidole gumba.

Mtoto alikuwa wa kiume, miaka mitatu. Nilimtundikia dripu saa tano usiku, nikahesabu matone, nikaridhika. Mara mtoto wa kitanda cha mwisho akashikwa na degedege, nikamkimbilia. Niliporudi chupa ilikuwa tupu. Dawa ya saa nne ilikuwa imeingia kwa dakika kama 40. Mtoto amelowa jasho, mwili wa baridi, macho yamegeuka. Kwinini hushusha sukari mwilini, na ikiingia kwa kasi huugusa moyo. Tabibu wa zamu alikuja mbio na kandambili zake, tukamchoma sukari ya mshipani, tukakaa naye hadi adhana ya alfajiri. Akaishi.

Asubuhi mkubwa wangu wa kazi aliniita pembeni. Hakunigombeza. Aliniambia kwa upole, na upole ule ndio ulionifunga mdomo: "Mwanangu, mtoto amepona. Usiliandike hili. Ukiandika utaitwa kujieleza, barua itaingia kwenye faili lako. Mshukuru Mungu, endelea na kazi." Kwenye kitabu cha ripoti niliandika kwamba mtoto alibadilika hali usiku, amepewa sukari, anaendelea vizuri. Hakuna neno hata moja pale lililokuwa la uongo, na ripoti yote ilikuwa uongo.

Siku ya tano waliruhusiwa. Mama yule alinishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kumwokoa mwanawe. Akaniachia mayai sita kwenye kitambaa. Nikayapokea.

Wiki tatu baadaye, wodi nyingine, hospitali ileile, muuguzi mwenzangu alitundika kwinini, akahesabu matone, akaridhika, akaitwa kwingine. Dripu ikaisha kabla ya wakati. Safari hii mtoto alifariki. Ndipo mtu mmoja wa stoo alipoichukua mipira ya dripu ya shehena ile mpya akaijaribu mezani: vibano vyake vilikuwa vinateleza. Unakaza, unaondoka, kinajiachia chenyewe. Ningeandika mstari mmoja tu asubuhi ile, ile mipira ingetolewa wodini. Mwenzangu alipewa barua ya onyo na kuhamishiwa zahanati ya mbali. Aliondoka akiamini kwamba mkono wake ndio uliokosea. Hakujua kwamba mimi nilimtangulia, na sikumwambia.

Ndugu zangu, kila siku tunawaambia wagonjwa kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Tunawasihi waseme kikohozi ni cha wiki ngapi, waseme wamekunywa dawa gani za kienyeji, waseme wamelala na nani. Wakificha tunakasirika. Basi leo naomba tujitazame sisi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu mgonjwa 1 kati ya 10 hupata madhara kutokana na huduma yenyewe aliyoifuata, na kwamba zaidi ya nusu ya madhara hayo yanazuilika. Hayo ndiyo maradhi yetu, na tunayaficha kwa bidii kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kumhudumia.

Mengine hayafichiki. Novemba 2007, pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishana vyumba vya upasuaji pasipo wao kujua. Aliyekwenda kwa ajili ya goti alipasuliwa kichwa. Aliyekwenda kwa ajili ya kichwa alipasuliwa goti. Mmoja wao alifariki. Nchi nzima ililia na kukasirika, na kwa haki. Nakumbuka tulivyosoma magazeti kwenye chumba cha chai, kila mmoja akiuliza: daktari gani huyo? Sikumsikia hata mmoja wetu akiuliza: hapa kwetu tunamtambuaje mgonjwa tunayempeleka upasuaji?

Nami nitawaambia tulikuwa tunamtambuaje. Tulisimama mlangoni tukaita, "Juma! Juma ni nani?" Mtu mwenye njaa tangu jana, mwenye hofu, amevalishwa gauni la kijani, anaitika. Unamuuliza, "Wewe ndiye Juma wa ngiri?" Anasema ndiyo. Ungemuuliza wewe ndiye Juma wa jicho, angesema ndiyo pia. Mgonjwa wa kwetu hambishii sista. Mwulizeni swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa ndiyo: jina lako kamili nani, umezaliwa lini, leo unafanyiwa nini, upande gani? Halafu jibu lake mlilinganishe na faili na utepe wa mkononi. Inachukua muda mfupi kuliko kuvaa glavu.

Miezi ileile ambayo magazeti yalikuwa yakiandika habari ya Muhimbili, kulikuwa na kazi nyingine ikiendelea Ifakara, na hiyo haikuandikwa ukurasa wa mbele. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limechagua hospitali nane duniani kujaribu karatasi moja ya ukaguzi kabla, wakati na baada ya upasuaji. Moja ilikuwa London, nyingine Toronto, nyingine Seattle, New Delhi, Manila, Amman, Auckland, na ya nane ilikuwa Hospitali ya Mtakatifu Francis, Ifakara, bonde la Kilombero. Kazi ilianza Oktoba 2007 ikamalizika Septemba 2008. Ni karatasi yenye maswali 19. La kwanza kabisa ni lile ambalo lilihitajika Dar es Salaam miezi ileile: je, mgonjwa amethibitisha yeye ni nani, anafanyiwa nini na sehemu gani?

Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Katika hospitali zote nane kwa pamoja, kabla ya karatasi, wagonjwa 1.5 kwa kila 100 walifariki baada ya upasuaji. Baada ya karatasi, 0.8. Waliopata matatizo makubwa walishuka kutoka 11 hadi 7 kwa kila 100. Hapakuwa na dawa mpya wala mashine mpya. Watu walisimama kidogo wakaulizana kwa sauti.

Sehemu ya karatasi ile ninayoipenda kuliko zote ni ile ya kabla ya kuchana ngozi, ambapo kila aliyemo chumbani hutaja jina lake na kazi yake. Mwanzoni watu waliiona ya kitoto. Tunafahamiana, ya nini kujitambulisha? Lakini ninyi mnaofanya kazi humo mnajua siri yake. Muuguzi mdogo aliyekwisha kusikika sauti yake mara moja, amesema "naitwa fulani, ni muuguzi wa vifaa", atathubutu kuisikizisha tena mara ya pili akisema, "Daktari, tamba moja ya kufyonzea damu haijaonekana." Asiyeitwa kusema chochote tangu mwanzo atahesabu tamba zake kimoyomoyo, zitapungua, na atajiaminisha kwamba amekosea yeye kuhesabu.

Sisi tumelelewa kwamba mdogo hamkosoi mkubwa. Mimi nayapenda malezi hayo na sitaki yafe. Nimewalea wanangu hivyohivyo. Lakini nimewaona madaktari bingwa wakubwa kabisa waliojua kuufungua mlango. Mmoja, kabla ya kila upasuaji, alikuwa akisema, "Wanangu, leo nikikosea niambieni, nitawashukuru." Na kweli siku aliyoambiwa alishukuru, mbele ya wote. Heshima yake haikupungua hata chembe. Chumba chake ndicho wauguzi walichokuwa wakiomba kupangiwa zamu.

Hata hivyo karatasi inaweza kujazwa bila mtu kuuliza chochote. Ninyi mnajua, mimi najua. Vema zimepigwa zote 19 wakati wa kunywa chai, mgonjwa yumo wodini bado. Februari 2018, zaidi ya miaka kumi baada ya Muhimbili, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi ilimfungua fuvu mgonjwa asiyehusika. Wagonjwa walikuwa wawili: mmoja alikuwa na damu iliyoganda kwenye ubongo, mwingine alikuwa na uvimbe wa kichwani usiohitaji kisu. Tepe za utambulisho zilichanganywa. Madaktari walitafuta damu iliyoganda kwa saa kadhaa wasiione, ndipo wakagundua. Muuguzi wa wodi, muuguzi wa mapokezi ya upasuaji, mtaalamu wa usingizi na daktari aliyekuwa akipasua walisimamishwa kazi, mkurugenzi akapewa likizo ya lazima, madaktari wenzao wakagoma kupinga. Kwa rehema za Mungu wagonjwa wote wawili walipata nafuu.

Watu wanne. Hesabuni hao wanne vizuri, kwa maana kila mmoja alikuwa ni nafasi ya kosa kusimama, na kosa likapita. Mwanasaikolojia wa Uingereza, James Reason, alilieleza hili kwa vipande vya jibini vyenye matundu. Kwetu nadhani chandarua kinaeleweka zaidi. Tundika vyandarua vinne, kimoja nyuma ya kingine, vyote vimechanika mahali. Mbu atapita cha kwanza, atagonga cha pili, atarudi. Usiku anaokuuma ni ule ambao matundu yote manne yamekaa mstari mmoja. Ukimfukuza kazi aliyelala nyuma ya chandarua cha nne, matundu ya vile vitatu bado yapo, na kesho analala mwingine.

Sasa naogopa msinielewe vibaya, hasa ninyi ndugu wa wagonjwa. Simtetei anayekuja zamu amelewa. Simtetei anayemwacha mama mzazi kwa sababu hajapewa chochote mkononi, wala anayemtukana mwanamke akiwa katika uchungu. Huyo anajua anachokifanya, na adhabu yake iwepo na ionekane. Ninayemzungumzia ni yule mwenye wagonjwa 40 peke yake saa tisa usiku, mwenye chupa mbili za dawa zenye kizibo cha rangi moja, kwenye taa inayozimika. Tukimwadhibu huyu sawasawa na mlevi, tutakuwa tumewafundisha wote waliobaki jambo moja tu, nalo ni kunyamaza.

Niende hospitali ya Haydom, kule Mbulu, kwa sababu huko kuna somo ambalo mimi binafsi lilinishusha kiburi. Mnajua mtoto akizaliwa hapumui, tunayo dakika moja, ile tunayoiita ya dhahabu, kumkausha, kumchangamsha, na asipolia kumpa pumzi kwa mfuko na maski. Tanzania iliwafundisha wakunga wake kazi hiyo kwa kutumia mwanasesere, na katika hospitali nane zilizofuatiliwa, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kwa 47 kwa kila 100. Ni ushindi mkubwa, na tuliusherehekea.

Lakini Haydom walifanya jambo la ziada. Waliweka waangalizi leba, usiku na mchana, wakiandika kila mtoto anavyozaliwa na kila sekunde inayopita kabla ya pumzi ya kwanza. Wakawapa wakunga mafunzo ya siku moja mwaka 2010, na baada ya miezi saba wakapima. Kwa mwanasesere, wakunga walikuwa hodari kuliko mwanzo. Kwa watoto wenyewe, leba, hakuna kilichobadilika. Mafunzo yalikuwa yameingia kichwani na hayajafika mkononi.

Fikirini wangefanya nini kama wangekuwa sisi. Orodha ya waliohudhuria ipo, picha ya pamoja ipo, posho imelipwa, taarifa inaandikwa kwamba lengo limefikiwa. Wao wakaandika kwamba limeshindikana, wakalichapisha dunia isome. Kisha wakamhamishia mwanasesere leba kwenyewe, awe karibu, wakunga wafanye mazoezi ya dakika chache mara kwa mara wakiwa zamu, badala ya siku moja kwa mwaka hotelini. Vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Kila nikifikiria tofauti ya tarakimu hizo mbili nawaona watoto wanaotembea sasa hivi kule Manyara, wengine wameshaanza sekondari, kwa sababu mtu mmoja alikubali kuandika neno "limeshindikana".

Sisi tunavyo vikao vya kupitia vifo vya akina mama na watoto wachanga. Mwongozo wa taifa unasema wazi kwamba kikao kile si mahakama. Baada ya kustaafu niliombwa kusaidia kwenye kituo kimoja, nikakaa na faili la mihtasari ya miaka mitatu. Mama ametoka damu baada ya kujifungua, damu ya kuongezewa haikupatikana kwa wakati. Azimio: kutoa elimu kwa watumishi. Miezi minne mbele, mama mwingine, damu tena, jokofu la damu halikuwa na umeme. Azimio: kutoa elimu kwa watumishi. Wa tatu, gari lilikuwa limepelekwa kwenye ziara. Azimio, mmeshalijua. Nilifunga lile faili nikatoka nje, nikakaa chini ya mwembe. Elimu gani italipoza jokofu lisilo na umeme? Tukitoka kikaoni bila jina la mtu atakayelifuata jokofu, na tarehe, basi tulikaa kunywa soda juu ya kaburi la mama wa watu.

Na ndugu wa marehemu wako wapi wakati tunakaa? Wako nyumbani, wanaamini ni mapenzi ya Mungu, au wanaamini tumemuua kwa makusudi. Ukweli hawajaambiwa. England tangu 2014 hospitali za umma zina wajibu wa kisheria wa kumweleza mgonjwa au jamaa zake pale huduma inapomletea madhara makubwa, na kuomba radhi. Walifika hapo kwa machungu: pale hospitali ya Stafford jamaa walilalamika kwa miaka kabla ya kusikilizwa, na ripoti ya uchunguzi ilipotoka mwaka 2013 ilikuwa na mapendekezo 290. Tusingoje sheria. Mtu aliyefiwa anajua mara moja kama unamficha; ananusa, kama tunavyonusa kidonda chini ya bandeji. Katika miaka yangu ya mwisho kazini nilikaa chini na familia tatu nikawaambia kilichotokea bila kupunguza. Moja ilinifokea na kutoka. Mbili tulilia pamoja. Hakuna hata moja iliyokwenda mahakamani, ingawa nisingewalaumu wangekwenda.

Yule mama wa mayai sikumwona tena. Mwanawe leo, akijaliwa uzima, ana miaka zaidi ya thelathini. Nimejaribu kukumbuka jina lake nikashindwa, kwa sababu sikuliandika mahali popote palipostahili.

Nimalizie na jambo ambalo Mganga Mfawidhi ameniruhusu kulitangaza. Kuanzia leo, kwenye chumba cha chai cha kila wodi, pamoja na maabara, stoo ya dawa na chumba cha upasuaji, litawekwa daftari. Ni la kawaida, kaunta buku. Humo mtaandika kilichokwenda kombo au kilichokaribia kwenda kombo: dawa mbili zinazofanana, mgonjwa aliyeitika jina lisilo lake, oksijeni iliyoisha bila mtu kujua. Hakuna kuandika jina la mtumishi. Kila Jumatatu baada ya makabidhiano ya asubuhi litasomwa kwa sauti, na Muuguzi Mfawidhi atasema wiki iliyopita lilisomwa nini, nini kimerekebishwa na nini bado. Amekubali mbele yenu; mwoneni anavyoitikia kwa kichwa. Siku itakayotokea mtu akaitwa kujieleza kwa sababu ya alichokiandika humo, namba yangu ya simu mnayo, nitakuja mwenyewe.

Daftari la wodi ya watoto ninalo hapa mkononi. Nimelifungua jana usiku nyumbani, nikaandika ukurasa wa kwanza. Nawasomea kama lilivyo.

"Kwinini ya dripu. Mtoto wa miaka mitatu. Ilitakiwa iingie kwa saa nne, imeingia kwa dakika 40. Kibano cha mpira kinateleza, tafadhali shehena yote ikaguliwe. Mama hajaambiwa."